Tom Mboya: Mwanamipango aliyeacha deni Kaskazini Mashariki

JINA la marehemu Thomas Joseph Mboya hutajwa nchini Kenya kwa mambo mengi: vyama vya wafanyakazi, ndege zilizowapeleka vijana Marekani kusoma, mikutano ya Lancaster House, na risasi zilizomuua katikati ya jiji la Nairobi akiwa hajatimiza miaka 39. Ni nadra kutajwa kuhusiana na soko la Hagadera, katika eneo la Fafi, Kaunti ya Garissa.

Hata hivyo, wachuuzi wa maziwa ya ngamia, nguo, simu na vyakula katika soko hilo wana sababu ya kumfahamu. Mwaka 1965, Mboya alisimamia uandishi wa waraka wa serikali ulioamua ni maeneo gani ya Kenya yangetangulia kupewa fedha za maendeleo na ni yapi yangesubiri. Kaskazini Mashariki ilikuwa miongoni mwa yale yaliyosubiri. Zaidi ya nusu karne baadaye, serikali ilipotoa mikopo ya kuwanusuru wafanyabiashara wadogo, foleni ilikuwa ingali inapangwa kwa namna ile ile.

Ajabu ni kwamba aliyeupanga mstari huo alikuwa mtu aliyeyajua vyema machungu ya kuachwa nje kwa kukosa fedha.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge la mlowezi mzungu. Baba yake, Leonardus Ndiege, Mluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, alikuwa nyapara katika shamba hilo. Kijana huyo alilelewa miongoni mwa vibarua wa makabila mbalimbali na akakua akizungumza lugha zao.

Alisoma katika shule za misheni: Kabaa huko Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na hatimaye Mang'u. Masomo yake hayakukatizwa na upungufu wa akili, bali karo. Mshahara wa baba haukutosha kuendelea kumsomesha pamoja na wadogo zake. Mwaka 1948 akajiunga na chuo cha Jeanes, Kabete, kusomea kazi ya mkaguzi wa afya, kwa kuwa huko hakutakiwa kulipa karo.

Alipoajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, aligundua kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa takriban sehemu moja kwa tano ya mshahara wa mzungu aliyefanya kazi hiyo hiyo. Siku moja akiwa peke yake katika maabara, mwanamke mzungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu mle ndani. Mboya alikisimulia kisa hicho baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1963. Kilimfunza kwamba mtu anaweza kuwapo, akafanya kazi na kulipa kodi, na bado asihesabiwe.

Somo hilo ndilo lililomsukuma katika siasa za wafanyakazi. Alianza kwa kukusanya watumishi wa baraza la jiji, akaunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Hicho kilikuwa kipindi cha hali ya hatari, wakati viongozi wakuu wa Waafrika walikuwa vizuizini na vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku. Mwaka 1955 alijipatia sifa kubwa alipopatanisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, ambao waliishia kupata nyongeza ya ujira. Mwaka huo huo akaenda kusoma katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford.

Aliporejea, nyota yake ilipanda upesi. Mwaka 1957 alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, akateuliwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote uliofanyika Accra, Ghana. Mwaka 1960 akawa Katibu Mkuu wa KANU.

Mradi wa ndege za wanafunzi ndio unaoonyesha vizuri zaidi alivyofikiri kuhusu fursa. Serikali ya kikoloni ilikuwa na nafasi chache mno za elimu ya juu, nazo zilitolewa kwa masharti ambayo wengi hawakuyatimiza. Mboya hakungoja masharti yalegezwe. Alitafuta wafadhili Marekani, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikatua New York ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kugharimia safari nyingine. Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kenya ilipojitawala Desemba 12, 1963, Mboya alikuwa Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba. Mwaka mmoja baadaye, nchi ilipokuwa jamhuri, Mzee Jomo Kenyatta alimpa Wizara ya Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Hapo ndipo alipokumbana na swali gumu kuliko yote aliyowahi kukabiliana nayo: fedha zikiwa chache na wahitaji wakiwa wengi, nani atangulie?

Jibu lilitolewa mwaka 1965 katika Waraka wa Serikali Nambari 10, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na jinsi ya kuutumia katika mipango ya Kenya. Waraka huo ulieleza kwamba ili uchumi wa taifa zima ukue haraka iwezekanavyo, fedha za maendeleo zielekezwe mahali ambapo zingezaa pato kubwa zaidi. Maeneo yenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara, umeme na watu walio tayari kuchangamkia maendeleo ndiyo yangetangulia. Mali ingezalishwa huko kwanza, kisha manufaa yangeenea kwingineko.

Kwa mhasibu, hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Taifa lilikuwa changa, hazina haikuwa na kitu, na kila shilingi ilitakiwa izae. Lakini maeneo yaliyokuwa na barabara na umeme mwaka 1965 yalikuwa yale ambayo mkoloni alikuwa ameyajenga kwa ajili ya walowezi. Kuyatanguliza kulikuwa sawa na kuurithi upendeleo wa mkoloni. Maji hufuata mkondo, na mkondo ulikuwa umechimbwa zamani.

Katika kaskazini, mkoloni alikuwa amechimba mkondo wa kinyume. Sheria ya mwaka 1902 iliifanya wilaya za mpakani kuwa maeneo yaliyofungwa, na nyingine ya mwaka 1934 ikazidi kudhibiti mienendo ya wenyeji. Biashara ya mifugo ilibanwa na karantini. Isitoshe, sheria ya kikoloni iliyowahusu Waafrika wote ilifanya deni la zaidi ya shilingi 200 lisidaike mahakamani pasipo idhini ya ofisa wa serikali, hivyo mwenye duka la jumla hakuwa na hamu ya kumkopesha mchuuzi Mwafrika bidhaa.

Uhuru haukuleta nafuu huko. Wakazi wengi wa Kaskazini Mashariki walitaka kuungana na Somalia, na wakasusia uchaguzi wa Mei 1963. Desemba 28 mwaka huo, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, serikali ilitangaza hali ya hatari katika mkoa huo. Vita vya mashifta vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na wanajeshi, na mifugo mingi ikaangamia. Sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi mwaka 1991.

Asiyekuwepo na lake halipo. Waraka Nambari 10 ulijadiliwa Nairobi wakati Garissa ikiwa chini ya amri ya kutotoka nje. Masharti yake yalipopimwa, mkoa ule ulikosa yote: mvua, lami, umeme, na hata ile sifa ya kuwa na watu walio tayari kwa maendeleo, kwa kuwa machoni pa serikali wengi wao walikuwa washukiwa.

Athari zake katika mikopo zilionekana mapema. Shirika la Fedha za Kilimo (AFC), lililoundwa mwaka 1963, lilikopesha wakulima kwa rehani ya hatimiliki ya ardhi. Katika nyanda za juu, mashamba yalikuwa yakipimwa na kuandikishwa tangu miaka ya 1950. Garissa, Wajir na Mandera, ardhi ilikuwa ya jamii nzima, isiyo na hati ya mtu binafsi. Mfugaji mwenye ngamia 50 alikuwa tajiri kijijini kwake, lakini mbele ya karani wa mikopo alikuwa mtu asiye na kitu. Mkono mtupu haulambwi, na kwa mkopeshaji ngamia hawakuhesabiwa kuwa mali.

Mwaka 1967 serikali ilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo fulani na kuuza bidhaa fulani, ili Waafrika wachukue maduka. Shirika la Maendeleo ya Viwanda na Biashara (ICDC) likatoa mikopo kwa wafanyabiashara hao wapya. Maduka yaliyolengwa yalikuwa katika miji iliyokuwa na biashara tayari. Mahali pasipokuwa na maduka ya kununuliwa, hapakuwa na mkopo wa kuyanunua.

Wakosoaji hawakukosekana. Julai 1965, mwanauchumi Barack Obama, babaye aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliandika makala katika jarida la East Africa Journal akihoji jinsi waraka ulivyoshughulikia umiliki wa mali na pengo kati ya matabaka. Katika siasa, mvutano kati ya Mboya na Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga, ulifikia kilele katika mkutano wa Limuru wa Machi 1966, na Odinga akajiuzulu mwezi uliofuata na kuunda KPU. Hata hivyo mjadala huo mkubwa ulihusu ardhi, ubepari na ukomunisti. Mchuuzi wa Garissa hakuwa na msemaji katika kambi yoyote.

Haki inadai kwamba lililo jema katika waraka ule nalo lisemwe. Baada ya kifungu cha kutanguliza maeneo yenye rutuba kulikuwa na kingine ambacho husahaulika. Kilieleza kwamba shabaha ya maendeleo ni kuboresha maisha ya watu, wala si kuliendeleza eneo kwa ajili ya eneo. Pale penye uhaba wa rasilimali, serikali iwekeze katika elimu na afya ya wakazi, iwahimize baadhi yao kuhamia penye neema zaidi, na ikuze zile rasilimali chache ambazo zinaweza kuleta faida.

Hicho ndicho kifungu cha Mboya yule aliyewatafutia vijana ndege. Kama kingetekelezwa kwa uzito sawa na kile cha kwanza, Kaskazini Mashariki ingekosa viwanda lakini ingepata shule, hospitali na soko la mifugo. Serikali ilikitekeleza cha kwanza na kukiacha cha pili kikae rafuni. Kuhusu kuhamia penye neema, masharti ya usalama yaliwafanya wakazi wa mkoa huo wahojiwe kila walipovuka Mto Tana.

Mboya mwenyewe alionekana kutambua upungufu wa njia aliyoichagua. Mwaka 1966, mkutano mkubwa kuhusu elimu, ajira na maendeleo ya mashambani ulifanyika Kericho, na kutokana nao ukazaliwa mpango maalumu wa kuendeleza maeneo ya mashambani. Sehemu sita zikateuliwa kwa majaribio: Migori, Kapenguria, Kwale, Mbere, Tetu na Vihiga. Hakuna hata moja iliyokuwa Kaskazini Mashariki.

Hakuishi kuona mpango huo ukianza. Jumamosi, Julai 5, 1969, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chhani, Barabara ya Serikali, ambayo sasa ni Moi Avenue. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia na akanyongwa Novemba mwaka huo. Ghadhabu zilitanda Nairobi na Nyanza, na swali la nani alimtuma muuaji halijajibiwa hadi leo. Mboya, aliyeacha mjane, Pamela, na watoto, alizikwa Rusinga.

Waraka ulimshinda umri. Kila wizara iliendelea kupanga bajeti kwa mazoea yake, na kadiri maeneo yaliyotangulia yalivyopata barabara zaidi, ndivyo yalivyozidi kustahili fedha zaidi. Mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliochunguza ajira nchini ulieleza kwamba wajasiriamali wadogo wasio rasmi, wale wa jua kali na vibanda, walikuwa nguzo ya uchumi ambayo serikali iliipuuza. Lakini karani wa mkopo aliendelea kudai hati, vitabu vya hesabu na akaunti ya benki.

Hagadera iliingia katika historia hiyo mwaka 1992, wakati kambi yake ilipofunguliwa kupokea waliokimbia vita Somalia. Pamoja na Ifo na Dagahaley, kambi za Dadaab zilijengwa kwa ajili ya watu 90,000. Kufikia mwaka 2011, ukame na njaa vilikuwa vimezifanya kuwa na zaidi ya watu 400,000. Palipokuwa na vichaka pakazuka soko kubwa ambalo wakimbizi na wenyeji wa Fafi huuziana mifugo, maziwa, sukari, vitambaa na huduma za simu.

Soko hilo lilikua bila mkopo wa serikali. Mtaji ulitoka kwa jamaa walioko ng'ambo kupitia hawala, kwa wauzaji wa jumla wa Eastleigh waliokopesha kwa kuaminiana, na kwa ayuuto, mchango wa zamu unaofanana na chama cha akina mama kwingineko nchini. Njia hizo zina nguvu, lakini hukatika kwa siku moja. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala kwa miezi kadhaa, na mshipa wa fedha ukakauka.

Pigo jingine lilikuja na Covid-19. Mwishoni mwa Aprili 2020 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka katika kambi za Dadaab na Kakuma. Mei 23 mwaka huo, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa Sh53.7 bilioni wa kufufua uchumi, ambapo Sh3 bilioni zilitengewa dhamana ya mikopo ya biashara ndogo na za wastani. Mpango huo ulipozinduliwa Desemba 2020, fedha zilipitia benki saba. Aliyekuwa na akaunti, leseni na vitabu vya hesabu aliweza kubisha hodi. Mwenye kibanda Hagadera, aliyefungiwa njia na serikali hiyo hiyo, hakuwa na mlango wa kubisha.

Novemba 30, 2022, Rais William Ruto alizindua Hustler Fund, iliyoondoa rehani na kutoa mikopo ya kuanzia Sh500 hadi Sh50,000 kwa simu. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa wasio na hatimiliki. Lakini kigezo kikawa kitambulisho cha taifa na laini ya simu iliyosajiliwa kwacho. Mkimbizi hana kitambulisho hicho. Baadhi ya Wakenya wa Garissa nao hawakuwa nacho, ama kwa sababu ya kamati za uchunguzi zilizowachelewesha kwa miaka, ama kwa sababu wazazi wao, wakati wa njaa, waliwaandikisha kambini ili wapate chakula na wakabaki katika daftari la wakimbizi. Kwa Waislamu wengi, riba ya asilimia nane kwa mwaka ilikuwa kizuizi kingine, kwani dini yao inaikataza, ilhali benki za Kiislamu zilianza kazi nchini mwaka 2008 pekee.

Yapo yaliyorekebishwa. Katiba ya 2010 iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyotengwa, na Waraka wa Serikali Nambari 8 wa 2012 ukakusudia kugeuza mwelekeo wa ule wa 1965 kwa kuweka sera ya kaskazini na maeneo kame. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilipanua haki yao ya kufanya kazi na biashara. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini agizo la kuondoa uchunguzi wa ziada kwa wanaotafuta vitambulisho, na Machi mwaka huo ukazinduliwa Mpango wa Shirika wa kuzigeuza kambi kuwa makazi yanayowajumuisha wakimbizi na wenyeji.

Hatua hizo zinafungua malango yaliyofungwa kwa muda mrefu, ila hazijibu swali alilolikabili Mboya mwaka 1965. Kila mkopo wa nafuu hupangwa na mtu anayetaka fedha zirudi, naye humtazama kwanza aliye na kumbukumbu za awali. Mwenye kumbukumbu ni yule aliyewahi kukopeshwa. Asiyewahi huwekwa nyuma, na kuwekwa nyuma huko huwa ushahidi dhidi yake katika mkopo unaofuata. Hivyo ndivyo maeneo yaliyotangulia yanavyoendelea kutangulia, pasipo waziri yeyote kutoa amri mpya.

Mboya alifariki angali kijana, na hakuna ajuaye kama angeendelea kukitetea kifungu chake cha kwanza au angekirudia cha pili. Lililo wazi ni kwamba maisha yake mwenyewe yalikuwa upande wa cha pili. Mwana wa nyapara, aliyekosa karo na kuonekana kama hayupo katika maabara aliyoajiriwa, hakuwa na dhamana yoyote ya kumwonyesha mkopeshaji. Waliomwamini walimtazama yeye, si shamba la mkonge alikotoka. Wachuuzi wa Hagadera wanaidai Kenya kipimo hicho hicho.